Wakristo Turudie Jina Letu la Kale: Wasomaji

Liko neno moja la zamani ambalo limetutoka vinywani, na nadhani kututoka kwake kumetugharimu sana. Nyanya yangu mzaa mama alipobatizwa akiwa msichana, majirani zake hawakumwita Mkristo. Walimwita msomaji. Hivyo ndivyo waumini wa kwanza walivyojulikana katika sehemu nyingi za nchi hii na nchi jirani. Wagikuyu waliwaita athomi, na watu wa Buganda wakawaita abasomi, yaani watu wa kusoma. Katika misheni nyingi mtu hakubatizwa kabla ya kuonyesha kwamba aweza kuisoma Injili kwa macho yake mwenyewe. Nyanya alijifunza silabi chini ya mti, akiandika mchangani kwa kidole, na kitabu cha kwanza alichomiliki maishani mwake kilikuwa Agano Jipya. Alikifunga kwa kitambaa na kukiweka sandukuni pamoja na vitu vyake vya thamani, lakini hakuna jioni iliyopita bila kitambaa hicho kufunguliwa.

Siku hizi makanisa yamejaa hadi milangoni. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya Wakenya 8 katika kila 10 hujitambulisha kuwa Wakristo. Shahidi Mkristo akiingia kizimbani hushika Biblia, kiongozi akiapishwa huiinua juu, na ni nadra arusi au mazishi ya Mkristo kupita bila aya kadhaa kusomwa. Hata hivyo, nikiwauliza waumini wenzangu ni lini mara ya mwisho walipoketi wakakisoma kitabu kimoja cha Biblia kutoka mwanzo hadi mwisho, wengi hutabasamu na kugeuza mazungumzo. Tunaisikia ikisomwa. Tunazijua zile aya chache ambazo wahubiri wanazipenda. Zilizobaki tumewaachia wenye vipaza sauti. Wahenga walituonya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, nami naona umaskini wa aina hiyo umekwisha kutuingia.

Hatuwezi kusingizia uhaba wa vitabu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na baada ya muda mfupi akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka huo huo alianza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, mtu wa dini nyingine ambaye hakuona vibaya kumkopesha mgeni ufasaha wa lugha yake. Huko Unguja, Askofu Edward Steere alishughulikia Agano Jipya lililotolewa mwaka 1879, na Biblia nzima ikafuata mwaka 1891. Wasomaji wa Kimvita walipata yao mwaka 1914. Kisha mwaka 1952 ikatoka ile tafsiri ya Muungano, ambayo mpaka leo iko mikononi mwa mamilioni ya watu. Tukiongeza tafsiri za lugha zetu za mama na Habari Njema ya miaka ya 1990, tutakiri kwamba kizazi chetu kimeandaliwa karamu ambayo wazee wetu hawakuiota. Watu walimaliza maisha yao wakitafuta neno moja linalofaa, ili mkulima wa Taita na mvuvi wa Ziwa Viktoria waweze kujisomea wenyewe bila kumngojea mtu awasimulie.

Nani basi atasema kwamba kusoma au kutosoma ni jambo la hiari, kama kupenda au kutopenda kandanda? Aprili 2023 nchi hii iliamka na kusikia habari za msitu wa Shakahola katika Kaunti ya Kilifi. Kaburi baada ya kaburi lilifukuliwa, hata idadi ya miili ikapita 400, na miongoni mwao walikuwamo watoto wadogo. Wengi walikuwa wamekufa kwa njaa, wakiamini kwamba kufunga hadi kufa kungewafikisha mbele ya Yesu. Mwaka 2025 miili mingine ilifukuliwa Kwa Binzaro, katika kaunti hiyo hiyo. Nani ana hatia gani ni swali la mahakama, nami sitaliingilia. Wala siandiki haya ili kuwalaumu marehemu, kwa kuwa walidanganywa, na aliyedanganywa hastahili kupigwa mara ya pili. Swali langu ni kwetu sisi tuliobaki: ilikuwaje neno la mtu mmoja likawa na nguvu kiasi hicho juu ya watu walioshika Biblia mikononi mwao?

Nimezisoma tena na tena zile sura zinazohusu kufunga. Katika sura ya 58 ya Isaya, Mungu anaikataa saumu ya watu wanaoinamisha vichwa huku wakiwaonea vibarua wao, na anasema kwamba saumu anayoitaka ni kuvunja minyororo ya dhuluma na kumgawia chakula mwenye njaa. Injili yenyewe haifichi kwamba Yesu alipofunga siku 40 aliona njaa. Na katika sura ya 5 ya Marko kuna jambo dogo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka. Baada ya kumfufua binti wa Yairo, msichana wa miaka 12, Yesu aliwageukia wazazi wake akaamuru mtoto apewe chakula. Hebu mzazi alitie neno hilo moyoni mwake. Huyo tunayemwita Bwana, akiwa na nguvu za kuamsha wafu, hakusahau kwamba mtoto anahitaji kula. Mtu aliyejisomea sura hiyo hata mara moja ana la kumjibu yeyote atakayemwambia amnyime mwanawe uji kwa jina la Yesu.

Najua pingamizi litakalotolewa. Wapo watakaosema kwamba hao wapotoshaji nao husoma, na kwamba kumpa kila mtu ruhusa ya kusoma ni kumpa kila mtu ruhusa ya kupotoka. Ni hoja nzito wala siidharau. Lakini nitazamapo mafundisho potovu yaliyowahi kututia hasara, naona karibu yote hujengwa juu ya aya moja iliyong'olewa mahali pake kama jino. Katika jangwa la majaribu hata Ibilisi alinukuu Maandiko, naye Yesu hakumjibu kwa kuyafunga Maandiko bali kwa kumwonyesha mahali pengine palipoandikwa. Dawa ya aya iliyopindwa ni sura nzima, na dawa ya sura isiyoeleweka ni kitabu kizima. Anayesoma kidogo ndiye anayeweza kupelekwa popote.

Isitoshe, kusoma mwenyewe si kusoma peke yako. Ezra alipoisoma Torati mbele ya watu kutoka alfajiri hadi adhuhuri, walikuwapo Walawi wa kuwafafanulia maana. Yule Mwethiopia aliyekuwa akisoma Isaya garini mwake alikiri bila haya kwamba alihitaji mtu wa kumwongoza, na Filipo akapanda akaketi karibu naye. Lakini tazama kwamba kitabu kilikuwa tayari kimefunguliwa mapajani mwa yule msafiri kabla mwalimu hajafika. Nao watu wa Beroya wanasifiwa katika Matendo ya Mitume kwa sababu kila siku waliyachunguza Maandiko kuona kama aliyowaambia Paulo ni kweli. Ikiwa mtume mkubwa kama Paulo alipimwa na wasikilizaji wake, na kupimwa huko kukahesabiwa kuwa uungwana, ni mhubiri gani wa leo aliye mkubwa asiulizwe? Ndiyo maana tukaambiwa kwamba akili za kuambiwa tuchanganye na zetu. Mchungaji mwema hufurahi kundi lake linapouliza. Anayekasirika kuulizwa ametupa sababu ya kutosha ya kumwuliza zaidi.

Pingamizi la pili ni la kihistoria. Tumelisikia mara nyingi, kwamba Biblia ililetwa na watu waliotutaka tufumbe macho tuombe, na tulipoyafumbua ardhi ilikuwa imekwenda. Uchungu ulio ndani ya maneno hayo ni wa haki, kwa maana ardhi ilikwenda kweli. Lakini wasomaji wa kwanza walifumbua macho kwa kitabu hicho hicho. Walipopata Maandiko katika lugha zao walikuta humo habari ya watumwa waliotolewa Misri, na ya mfalme Ahabu aliyemwua Nabothi ili atwae shamba lake la mizabibu, na ya nabii aliyemfuata mfalme huyo papo hapo shambani kumwambia uovu wake. Wengi walianzisha makanisa yao wenyewe wakiwa na hakika kwamba mengi waliyokatazwa hayakuandikwa popote, na mengi yaliyoandikwa hawakuwa wamehubiriwa. Kitabu kinachosomwa na mtu mwenyewe ni vigumu kutumiwa dhidi yake.

Tena tunao ushahidi wa karibu zaidi. David Gitari alikuwa Katibu Mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya kabla ya kuwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1975. Mahubiri yake yalikuwa ufafanuzi wa Maandiko hatua kwa hatua, kisha akauliza yanasema nini juu ya unyang'anyi wa ardhi na juu ya kura za mlolongo wa 1988. Wakubwa walikasirika, na mwaka 1989 majambazi waliivamia nyumba yake usiku. Hakunyamaza. Alipata kuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana, akastaafu mwaka 2002 na kuaga dunia mwaka 2013. Nimtajapo simfanyi malaika. Nataka tu ionekane kwamba ujasiri wake haukutoka katika siasa za chama chochote. Ulitoka katika mazoea ya kusoma sura nzima na kukataa kuruka mistari inayouma.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kusoma bila kutenda ni kama mtu aliyejitazama kiooni akaona tope usoni, kisha akaenda zake bila kunawa. Mtume Yakobo alilisema jambo hilo kwa mfano unaokaribiana na huo. Na mambo ambayo Maandiko yanatudai kuyatenda si makubwa ya kutisha. Mengi yanatukuta sokoni, shambani na jikoni. Torati inakataza mtu kuwa na mizani ya namna mbili, moja ya kununulia na nyingine ya kuuzia. Nendeni leo katika soko lolote mkatazame gorogoro lililobonyezwa kitako ili lipunguze mahindi ya mama mnunuzi, kisha mwulize mwenye nalo aliabudu wapi Jumapili. Torati inamlaani asogezaye mpaka wa jirani yake. Lakini ni ndugu wangapi, waliozikwa wazazi wao kwa nyimbo za dini, wanaoamka usiku kung'oa mimea ya mpakani?

Nisijifanye kwamba natazama kosa hili kutoka mbali. Nyani haoni kundule, na mimi nilihitaji kuonyeshwa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa zamu ya kusoma somo katika ibada ya Jumapili. Somo lilikuwa sura ya 5 ya waraka wa Yakobo, ambapo mishahara waliyozuiliwa wavunaji inasemekana kulia, na kilio hicho kufika masikioni mwa Bwana. Nilisoma kwa sauti kubwa na kwa madaha, maana nilisifiwa kwa kusoma. Nilipoinua macho nilimwona, katika benchi la nyuma kabisa, kijana aliyekuwa akinichungia ng'ombe na kuwakama. Alikuwa akitazama miguu yake. Nilikuwa sijamlipa kwa miezi miwili, kwa kuwa fedha zake nilizitia katika mabati ya nyumba yangu, nikijiambia kwamba hana familia na anaweza kungoja.

Baada ya ibada wazee walinishika mkono wakasema nimesoma vizuri. Sikuweza kula chakula cha mchana. Jioni nilitafuta katika Kumbukumbu la Torati mahali ambapo mwajiri anaagizwa kumlipa kibarua siku hiyo hiyo kabla jua halijatua, kwa sababu ni maskini na moyo wake unautazamia ujira huo. Nikahesabu kwamba jua lilikuwa limetua mara sitini. Asubuhi nilikopa kwa dada yangu, nikamlipa yule kijana deni lote. Aliponishukuru niliona haya kuliko kama angenitukana, maana alinishukuru kwa kilicho chake. Tangu siku hiyo sijui namna ya kuisoma Biblia kana kwamba imeandikiwa mtu mwingine.

Nasimulia haya kwa sababu naamini kwamba nchi hii inateseka kwa wingi wa watu waliosoma somo kwa sauti nzuri na kumwacha kijana wa benchi la nyuma bila kitu. Tunalalamika juu ya ufisadi kana kwamba wafisadi wametoka mwezini. Ikiwa wengi wetu ni Wakristo, basi ofisa anayedai kitu kidogo ni Mkristo, mkandarasi anayeiba saruji ya barabara ni Mkristo, na sisi tunaopokea sadaka yao bila kuuliza ilitoka wapi ni Wakristo. Zakayo mtoza ushuru alipokutana na Yesu hakuahidi kutoa fungu nono kwa ujenzi wa hekalu. Aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu, mara nne. Laiti habari hiyo ingesomwa kabla ya kila harambee! Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa fedha zilizotolewa na wanasiasa katika parokia moja ya Soweto, Embakasi. Walikuwapo waliolicheka, lakini mimi nilisema moyoni kwamba hapo pana mtu aliyesoma.

Wala tusisahau lililo zito zaidi. Tarehe 1 Januari 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto huku ndani yake wakiwamo wanawake na watoto waliokimbilia humo. Katika machafuko yale zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini. Tulikuwa tumefundishwa habari za Msamaria mwema tangu shule ya Jumapili, lakini tulifundishwa kama hadithi ya ukarimu wa njiani. Asomaye kwa makini ataona kwamba Msamaria alikuwa mtu wa kabila lililochukiwa, na kwamba Yesu alimchagua makusudi ili msikilizaji alazimike kumwita adui yake jirani. Mafundisho hayo yangetosha kutuokoa, kama yangekuwa yametushuka kutoka masikioni hadi mikononi.

Je, tufanye nini? Sina mpango mkubwa wa kupendekeza. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Mwenye kusoma sura moja kila siku ataimaliza kwa miaka mitatu na miezi michache, na sura ya kawaida huchukua muda mfupi kuliko taarifa ya habari. Anayeona hiyo ni safari ndefu na aanze na Injili ya Marko, ambayo ina sura 16 tu. Familia nazo zifanye kama ilivyokuwa desturi ya zamani: baada ya chajio watoto wasome kwa zamu, katika Kiswahili au katika lugha ya nyumbani, na kila mmoja awe huru kuuliza swali, hata swali la kumfanya baba akune kichwa. Wachungaji nao wajizoeze kumaliza mahubiri kwa kuwaambia waumini wakahakikishe nyumbani. Kisha kila msomaji ajiulize jambo moja tu kabla ya kulala: katika haya niliyosoma, ni lipi linanidai kesho?

Kwa majirani zetu wasio Wakristo sina la kuwahubiria katika ukurasa huu. Hao wanatusoma sisi. Hawatafungua vitabu vyetu ili wajue tunaamini nini. Watatazama gorogoro letu, mpaka wetu, na siku tunayomlipa mfanyakazi wa nyumbani. Yule kadhi wa Mombasa aliyeketi na Krapf mwaka 1844 alitutendea wema kwa kutusaidia kupata maneno. Ingekuwa aibu kama wajukuu zake wangeyakuta maneno hayo vinywani mwetu tu.

Nyanya yangu alifariki akiwa mzee sana, macho yake yakiwa yamekwisha kuzimika. Miaka yake ya mwisho alituomba sisi wajukuu tumsomee, na tulipokosea neno alitusahihisha kutoka gizani, kwa kuwa alikuwa amekwisha kulihifadhi. Alipozikwa, aliyesimama kumshuhudia hakuwa askofu wala mheshimiwa. Alikuwa mjane wa jirani, aliyesema kwamba kwa miaka mingi hakuwahi kukosa unga nyumbani mwake siku yoyote ambayo msomaji alikuwa na unga nyumbani mwake. Hilo jina la msomaji lilitamkwa hapo kaburini kwa mara ya mwisho. Naomba lisiishie pale.